SOMO LA UDONGO NA MAJI: MVUKE WA MAFUTA CHINI YA ARDHI



Mkulima wa karafuu hana haja ya kufundishwa maana ya mvuke. Apitapo karibu na jamvi la karafuu mbichi juani, pua humpa habari kabla ya jicho. Petroli nayo hutoa mvuke, lakini ikimwagika hujificha ardhini, na huenda habari yake ikatufikia kisimani.

Leo twende Kiabakari, wilaya ya Butiama, mkoa wa Mara. Hiyo ni nchi ya dhahabu. Mgodi wake mkubwa ulifungwa katika miaka ya 1960, lakini wachimbaji wadogo wangaliko mkoani humo. Penye machimbo pana pampu na jenereta, na penye injini pana mapipa ya mafuta. Tuseme pipa limevuja karibu na kisima. Tutajuaje hatari imefika wapi?

Mpimaji hutumia mashine ndogo ya mkononi. Ndani yake mna taa ya mionzi ya urujuanimno. Mvuke ukipita mbele ya taa huzaa umeme kidogo, na mashine huonyesha hesabu yake kwa sehemu katika milioni. Kazi hufanywa hivi:

1. Chimba kwa keekee ya udongo, utwae udongo mpya wa chini, upesi, kabla mvuke haujapotea.
2. Jaza nusu ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Funika kwa karatasi ya alumini, kisha ufunge kifuniko.
3. Tikisa sekunde 15. Iache dakika 10 au zaidi, kisha utikise tena.
4. Fungua kifuniko, toboa karatasi kwa mrija wa mashine, na uandike hesabu kubwa kabisa inayotokea.
5. Fanya vivyo hivyo kwa udongo safi wa mbali, upate kulinganisha.

Petroli ni nyepesi kuliko maji, nayo huelea juu yake. Kwa hiyo usisahau udongo ulio juu kidogo ya usawa wa maji.

Jihadharini. Mashine haitaji jina la inachonusa. Unyevu mwingi hupunguza hesabu. Dizeli ni nzito, hutoa mvuke mchache hata udongo ukiwa umechafuka sana. Na zebaki ya wachimbaji ina mashine yake nyingine. Kwa hiyo hesabu hii hutuonyesha mahali pa kuchimba zaidi tu. Hukumu ya maji ya kunywa ni ya maabara. Maji hayo hupelekwa katika kichupa cha kioo kilichojaa pomoni, pasiwe na povu la hewa, nacho kiwe baridi. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa benzini, sumu iletayo saratani ya damu, hakizidi mikrogramu 10 katika lita moja.

Nasi visiwani tuna pampu na mapipa yetu, na penye mawe ya matumbawe maji hupita upesi. Wekeni mapipa juu ya sakafu ya saruji yenye ukingo, mbali na kisima. Maji yakinuka mafuta, acheni kuyanywa na mpeleke habari serikalini. Msiyachemshe mkidhani yatatakata, kwani mvuke utajaa jikoni.

Maswali: Kwa nini chupa haijazwi yote? Udongo safi wa kazi gani?