“Hesabu zimekukataa”

SWALI: Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu aliniambia mbele ya darasa: “Wewe hesabu zimekukataa, tafuta mume.” Nikawa nakacha vipindi vyake, nikapata F kidato cha nne. Sasa nauza vitenge kwa jumla na natamani kusomea uhasibu, ila sauti ile hainitoki. Nimechelewa? – Mama Duka, Morogoro

JIBU: Dada yangu, hujachelewa, ingawa maneno yale yalikugharimu kweli. Mtoto hawezi kujua kama mwalimu anatoa hukumu au hasira za siku hiyo. Yeye huamini, hukimbia somo, alama hushuka, na utabiri hutimia. Ile F ni ya vipindi ulivyokacha.

Si wewe peke yako. Malcolm X, mwanaharakati wa Marekani, alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora alipoambiwa na mwalimu kwamba uwakili haumfai mtu mweusi, afadhali useremala. Shule ikamtoka moyoni. John Gurdon wa Uingereza alishika mkia katika biolojia, na ripoti ya 1949 ikasema ndoto yake ya sayansi ni upuuzi. Alama zilikuwa sahihi, utabiri ndio uliokosea: alipata Tuzo ya Nobel 2012. Ripoti ile aliitundika ofisini kwake.

Wewe unayepiga faida ya jora kichwani huku mteja akiomba punguzo, jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea urudie Hesabu. Mwalimu wa tuisheni mwambie mapema umeishia wapi, aanzie hapo, hata kama ni sehemu na desimali.