Mrija Shingoni: Utunzaji wa Mgonjwa Arejeapo Nyumbani

Trakeostomi ni tundu linalofunguliwa kwa upasuaji mbele ya shingo, chini ya zoloto, ili hewa iingie moja kwa moja katika koo la hewa pale njia ya juu inapozibwa na uvimbe, saratani au jeraha. Mgonjwa wa Tarime au Serengeti aliyefanyiwa upasuaji huo Bugando, Mwanza, hurejea Nyamongo, Sirari au Mugumu akiwa mbali sana na daktari aliyemwekea mrija. Hapo huanza hatari nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo tunayoifundisha kidogo kuliko inavyostahili.

Pua hupasha hewa joto, huitia unyevu na kuichuja. Mrija huiruka pua. Wakati wa kiangazi, vumbi la barabarani na moshi wa jikoni huingia bila kizuizi. Makohozi hukauka, huganda na kuziba mrija. Naye mgonjwa hawezi kupiga ukelele, kwani hewa haipiti tena ipasavyo kwenye nyuzi za sauti. Asilale chumba cha peke yake, na awe na kitu cha kugonga. Kengele ya ng'ombe yatosha.

Kwa mtu wa mbali, mrija unaofaa ni ule wenye sehemu mbili. Wa ndani hutolewa, husafishwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha hurudishwa, angalau mara tatu kwa siku. Kitambaa chepesi chenye unyevu kining'inie mbele ya tundu bila kulibana. Kuogelea ni marufuku.

Pumzi zikikoroma au mbavu zikibonyea, toa mrija wa ndani kwanza. Mara nyingi nafuu huja papo hapo. Isipokuja, mgonjwa akimbizwe kituo cha afya, na mhudumu afyonze makohozi. Mpira wa kufyonzea usipopita, na mgonjwa angali anashindwa kupumua, mrija wa nje nao uondolewe, na oksijeni itolewe usoni na kwenye tundu. Tundu lisizibwe kamwe kwa mgonjwa ambaye njia yake ya juu imefungwa.

Mhudumu huyo atajuaje kama imefungwa? Kwa barua ya ruhusa. Iandikwe sababu ya upasuaji, tarehe yake, ukubwa wa mrija, na hali ya njia ya juu. Nakala moja ibaki kwa mgonjwa, nyingine ipelekwe zahanati ya kijijini kwake.