Tumbo la Mama Mwembamba: Je, Inafaa Lipasuliwe?

Nenda sokoni Tchomia asubuhi mitumbwi inapofika. Utaona mama mmoja akinunua samaki. Hatazami ukubwa wa samaki tu. Anahesabu pia bei yake, na gari la kupanda mpaka Bunia, na wale watakaooza njiani. Asiyehesabu pande zote mbili hurudi nyumbani na hasara. Somo la leo ni la kuhesabu vivyo hivyo, lakini mali inayohesabiwa ni mwili wako.

Wako akina mama ambao mikono na miguu yao ni myembamba, lakini baada ya kuzaa mara tatu au nne tumbo limebaki limelegea. Jirani anauliza, "Mama, una mimba tena?" Neno hilo linauma. Pengine mume naye amecheka. Kisha mama anasikia, au anaona katika simu, ya kuwa Kampala na Nairobi wako waganga wanaopasua tumbo na kulikaza. Anaanza kuwaza kuuza mbuzi au nyavu za nyumbani apate fedha. Usimcheke mama huyo. Huzuni yake ni ya kweli. Lakini kabla hajauza kitu, na asome maneno haya pamoja na mume wake.

1. KWANZA UJUE KILICHOMO TUMBONI

Mtu mnene akiwa na tumbo kubwa, mara nyingi ni mafuta. Mtu mwembamba akiwa na tumbo kubwa, yapasa kuuliza zaidi. Kwetu kando ya Ziwa Albert iko sababu moja tusiyoweza kuisahau, ndiyo kichocho cha matumbo, ambacho wengi hukiita bilarzi. Konokono wadogo wa majini hutoa vijidudu vinavyoingia katika ngozi ya mtu anayeoga, anayefua, anayechota maji au anayevua. Vijidudu hivyo huwa minyoo, na mayai ya minyoo hukwama katika ini. Baada ya miaka mingi ini linajaa makovu, bandama inavimba, na mwisho maji yanajaa tumboni. Mtu anakonda huku tumbo lake linakua. Mwingine anatapika damu.

Mtu wa namna hiyo akikatwa ngozi ya tumbo yumo katika hatari kubwa sana. Damu yake haigandi vema, na maji ya ndani yaweza kupita katika kidonda. Yeye anahitaji kwanza dawa ya minyoo, iitwayo prazikwanteli, inayopimwa kwa uzito wake, na kutunzwa kwa ini lake.

Tena ziko sababu nyingine: mimba, bandama iliyovimba kwa malaria, uvimbe wa tumbo la uzazi, kifua kikuu cha tumbo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kwenda hospitali ya karibu. Watakupima choo, damu na mimba, watakushika tumbo, na ikiwezekana watatazama ndani kwa ekografi.

2. TUMBO LIMELEGEA NAMNA GANI?

Mbele ya tumbo lako kuna misuli miwili mirefu, mmoja kuume, mmoja kushoto, toka mbavuni mpaka chini. Katikati yake kuna utando mgumu unaoishika pamoja, kama mshono unavyoshika vitambaa viwili. Mimba inapokua, utando huo unavutwa na misuli inaachana. Baada ya kuzaa inaanza kurudi, hasa katika majuma 8 ya kwanza. Kwa wengine hairudi yote.

Jipime hivi. Lala chali, kunja magoti. Weka vidole juu kidogo ya kitovu, kisha inua kichwa peke yake. Kama vidole viwili au zaidi vinazama katikati, misuli yako imeachana. Sasa simama, kohoa. Kama donge linatokea kitovuni au penye kovu la zamani, pengine ni ngiri, maana yake matumbo yanapenya katika tundu. Donge la ngiri likiwa gumu, likiuma, lisiporudi ndani, nawe ukitapika, usingoje asubuhi. Kimbilia hospitali saa ile ile.

Kama misuli iko pamoja wala hakuna donge, basi lililolegea ni ngozi tu. Kumbuka jambo hili, kwa maana hukumu yetu yote inasimama juu yake.

3. KISU HUFANYA NINI?

Kazi hii si mpya. Mwaka wa 1899 mganga Howard Kelly wa Baltimore, Marekani, alieleza jinsi alivyokata nyama ya mafuta iliyoning'inia tumboni mwa mwanamke mnene sana. Basi tangu mwanzo ilikuwa kazi ya watu wazito. Siku hizi hata wembamba huitaka.

Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi kwa saa 2 mpaka 4. Mganga hukata chini ya tumbo, toka nyonga moja mpaka nyingine. Huinua ngozi mpaka karibu na mbavu, huishona misuli iliyoachana, huivuta ngozi chini, hukata inayozidi, na kufungua tundu jipya la kitovu. Mara nyingi huacha mipira midogo ya kutoa maji ya kidonda.

Hapa mtu mwembamba ana shida yake. Ngozi yake iliyozidi ni kidogo. Mganga akilazimisha, kidonda kinavutika kama kamba iliyokazwa mno, na chaweza kufunguka. Pengine kovu litakaa juu zaidi, mahali linapoonekana, au litabaki kovu la pili la kusimama pale kitovu cha zamani kilipokuwa. Kwa hiyo wembamba wengine hufanyiwa kazi ndogo: mkato mfupi, kitovu hakiguswi, au misuli tu hushonwa.

4. UPANDE WA FAIDA

Faida kubwa kwa mwembamba ni misuli kuliko ngozi. Misuli iliyoachana sana haitegemezi mgongo vema. Mwaka wa 2018 waganga wa Australia waliandika habari za wanawake 214 waliozaa, kisha wakapasuliwa hivyo na kushonwa misuli. Miezi 6 baadaye maumivu ya mgongo na kuponyokwa na mkojo vilikuwa vimepungua kwa wengi. Lakini waganga hao hawakuwalinganisha na wanawake wasiopasuliwa, kwa hiyo tusiseme kwamba jambo limekwisha kuthibitika. Tena ngiri huweza kuzibwa wakati ule ule. Na mama anayeona aibu huweza kupata furaha. Hilo nalo lina uzito wake.

5. UPANDE WA HATARI

(a) Damu kuganda katika mishipa ya mguu, kisha bonge kwenda mapafuni. Si jambo la kila siku, lakini laweza kuua. Kukaa garini au mtumbwini muda mrefu baada ya kupasuliwa huongeza hatari; vivyo hivyo tumbako na vidonge vingine vya kupanga uzazi.
(b) Maji kukusanyika chini ya ngozi. Hili ndilo linalotokea mara nyingi kuliko mengine.
(c) Usaha, kutoka damu, au sehemu ya ngozi kufa kwa kukosa damu. Mwenye kovu la zamani juu ya tumbo amwonyeshe mganga.
(d) Kovu linaloota na kuvimba. Tazama mahali ulipochanjwa au ulipotoboa sikio. Kama paliota, na tumboni paweza kuota.
(e) Ngozi kufa ganzi chini ya kitovu, pengine kwa miezi mingi.
(f) Hatari ya dawa ya usingizi, zaidi kwa mwenye upungufu wa damu au ugonjwa wa selimundu. Usimfiche mganga magonjwa yako.

Ongeza gharama isiyoandikwa katika karatasi ya hospitali. Kwa majuma 6 hivi hutainua kitu kizito. Bidoni ya maji ya lita 20 ni kilo 20. Nani atachota? Nani atabeba mtoto mgongoni na kapu la samaki kichwani? Na kama umepasuliwa mbali, ng'ambo ya ziwa, nani atatazama kidonda siku ya kumi kikianza kunuka?

6. SASA PIMA

Kama ni ngozi tu, nawe u mwembamba mwenye afya, hatari zote ni zako na faida ni ndogo. Unabadilisha ngozi iliyolegea kwa kovu refu. Kwa wengi wa namna hii jibu letu ni: acha.

Kama misuli imeachana kidogo, ngoja kwanza, ufanye mazoezi.

Kama imeachana sana, mgongo unauma mwaka mzima na mazoezi hayakusaidia, kupasuliwa kwaweza kufaa, kwa mganga aliyefundishwa kazi hiyo.

Kama ni ngiri, hilo si jambo la uzuri. Ni ugonjwa. Onyesha hospitali. Kuziba ngiri ni kazi nyingine, na hakuhitaji siku zote kukata ngozi ya tumbo lote.

Tena, kama unataka kuzaa bado, usipasuliwe sasa. Mimba mpya huvuta tena kilichoshonwa. Aliyezaa angoje angalau miezi 6, na anayenyonyesha amalize kwanza.

7. LA KUFANYA NYUMBANI

Lala chali, magoti juu. Toa pumzi polepole huku ukivuta kitovu ndani na kukaza njia ya mkojo kama mtu anayeuzuia. Hesabu mpaka tano, legeza. Fanya mara kumi, asubuhi na jioni. Ukizoea, inua na kiuno. Zoezi lo lote likifanya tumbo litokeze katikati kama mgongo wa samaki, liache. Ukiamka kitandani, geuka ubavu kwanza, kisha jisukume kwa mkono. Kitenge kilichofungwa kiasi chaweza kutegemeza tumbo, lakini hakirudishi misuli. Usikaze mpaka kupumua kwa shida, wala usikandwe kwa maji yanayochoma. Mama wachanga wameungua hivyo. Usijinyime chakula. Mwembamba anayeshinda na njaa hukonda mikono, na tumbo hubaki pale pale.

Nawe baba unayesoma, tumbo hilo lilibeba watoto wako. Kabla ya kuuza nyavu, chota wewe bidoni ile kwa majuma 6, umwache mama apumzike na kufanya mazoezi yake. Pengine hamtahitaji kisu.

MASWALI
1. Kwa nini mwembamba mwenye tumbo kubwa apimwe ini na bandama kabla ya yote?
2. Misuli iliyoachana hupimwaje?
3. Ni nani ambaye kisu chaweza kumfaa, na ni nani atakayepata hasara?
4. Dalili gani za ngiri hazingoji asubuhi?