Mjusi wa Agostino na Simu Zetu

Jumapili moja huko Nduta, wilayani Kibondo, mama mmoja mkimbizi alikuwa akitueleza hofu yake ya kurudi Burundi. Simu ikaita, tukaitazama. Tulipoinua macho, alikuwa amenyamaza.

Katika kitabu cha 10 cha Maungamo, Mtakatifu Agostino anakiri kwamba hata mjusi anayekamata nzi humteka akili. Kosa si la mjusi. Ni la udadisi usio na kiasi. Mwaka 1971 mwanauchumi Herbert Simon naye alionya kwamba habari zikizidi, usikivu hupungua.

Basi, ndugu wapendwa, tuanze na jambo dogo: wakati wa sala, masomo na kumsikiliza mtu, tuizime simu. Kila jioni tujiulize: leo nani amenyamaza mbele yetu? Kesho tumrudie.