Difu ya Peugeot 404 na Mafuta Yake

Peugeot 404, iliyoanza kuundwa Ufaransa mwaka 1960 na kushinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, si ngeni kwa mafundi wa Eldoret. Afunguaye boneti huona injini imelala upande. Hilo si kosa, ndivyo ilivyoundwa. Jambo la kuangaliwa sana limo nyuma, ndani ya difu. Katika magari mengi jino la chuma husukuma jino la chuma. Katika 404 sivyo: parafujo ya chuma huzungusha gurudumu la shaba nyeusi, na meno yake husuguana kwa kuteleza. Ndiyo sababu yalitumika mafuta ya namna ya mbarika. Mafuta mengi ya difu yauzwayo siku hizi yametiwa dawa ya salfa, nayo yaweza kuila shaba hiyo, hasa difu ipatapo joto, kama vile gari lipandishapo mzigo toka Bonde la Kerio kuja Eldoret. Gurudumu jipya ni taabu kulipata. Basi yafaa mafuta ya zamani yamwagwe kwanza juu ya kitambaa cheupe. Ukionekana unga wa njano unaong'aa, meno yameanza kulika.