Kanuni za Uganga Katika Mchezo, na Funzo Lake Kwetu



Muhula uliopita wengi wenu mlituona siku za Jumamosi alasiri, wasichana saba tumeizunguka meza moja ya bwalo, tuna kopo la vipande vya karatasi na daftari lililokwisha nusu. Wengine walidhani twacheza bahati nasibu. Mzazi mmoja aliyekuja siku ya wageni alisikia neno "mganga" akashtuka, akamwuliza mwalimu kama siku hizi shule inafundisha ushirikina. Swali lake lilikuwa la haki, nalo lastahili jibu. Habari hii ni jibu langu kwake, na ndani yake mna jambo langu mwenyewe ambalo sikupata kumwambia mtu kwa miaka minane.

Mchezo wenyewe

Mchezo huu ni wa masimulizi. Mtu mmoja huwa msimamizi: yeye husimulia mahali, watu na mambo yanayotokea. Wengine kila mmoja huchukua nafsi ya mtu wa hadithi, askari, mwizi, padre au mganga, akasema atafanya nini. Jambo likiwa na shaka, huamuliwa kwa dadu yenye nyuso 20. Sisi hatukuwa na dadu ya namna hiyo, basi tulikata vipande 20 vya karatasi, tukaviandika namba, tukavitia koponi.

Mchezo wa kwanza wa aina hii uliouzwa madukani ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mnamo Januari 2023 kampuni yenye mchezo huo, Wizards of the Coast, iliruhusu sehemu kubwa ya kanuni zake zitumiwe na mtu yeyote bila malipo. Mwalimu wetu alichapisha kurasa chache, nasi tukazitia katika Kiswahili, kidogo kidogo, kwa msaada wa kamusi.

Hapa yafaa nimtulize yule mzazi. Mezani petu hakuna hirizi, wala tambiko, wala dawa. Mchezaji anaposema "natumia uganga" huwa amesema maneno tu, kama anayesimulia hadithi ya sungura haamini kwamba sungura husema. Lakini kurasa zile zilinifundisha jambo ambalo sikulitazamia: hata uganga wa kubuni hauwezi kuchezwa bila sheria.

Kanuni tano

Kanuni ya kwanza ni kwamba nguvu ina mpaka. Matendo ya uganga yamepangwa kwa madaraja tisa. Mwanagenzi huanza na nafasi mbili tu za daraja la kwanza. Akizitumia zote, kwa kawaida hana budi kupumzika saa nane kabla ya kuzipata tena. Kwa hiyo hujifunza kufikiri kabla ya kutenda.

Ya pili, nguvu ina gharama. Uganga mwingi wahitaji maneno ya kutamkwa, ishara za mikono, au kitu fulani. Uganga wa kumrudisha mfu wataka almasi yenye thamani ya vipande 500 vya dhahabu, nayo huteketea. Tena roho ya marehemu lazima ikubali kurudi. Hata mfu huombwa ridhaa!

Ya tatu, anayetendewa ana nafasi ya kujitetea. Mara nyingi yeye huchota namba, na namba ikifika kiwango, uganga haumshiki.

Ya nne, siri haidumu. Upo uganga wa kumvuta mtu moyo, ambao humfanya akuone rafiki kwa muda wa saa moja. Lakini kitabu chasema kwamba saa hiyo ikiisha, mtu yule hujua kuwa alivutwa, na hujua ni nani aliyemvuta. Mwenye kutumia uganga huu hujipatia utii wa saa moja, kisha hubaki na mtu aliyemdhulumu.

Ya tano ndiyo iliyonishangaza kupita zote. Upo uganga wa kutambua wema na uovu. Kwa jina lake ungedhani waweza kumfunua mtu mbaya katikati ya watu. La, hasha! Katika kanuni hizi huonyesha majini, mashetani, wafu watembeao na viumbe wengine wasio wa kawaida. Juu ya binadamu haukuonyeshi kitu. Waandishi wa mchezo waliwapa waganga wao moto, umeme na mbawa, lakini uganga huu hawakuufanya kioo cha kutazama moyo wa mwanadamu.

Ajuza wa kisimani

Jumamosi moja ilikuwa zamu yangu kusimamia. Nikatunga kijiji chini ya mlima mmoja mkubwa, na kwa kuwa mimi ni mwenyeji wa Getanuwas, mlima huo ulifanana sana na Hanang. Ng'ombe wa kijiji walikuwa wanakufa: homa kali, tezi zimevimba chini ya masikio, povu puani. Wachezaji watafute sababu.

Kando ya kisima nikamweka ajuza aishiye peke yake, mwenye macho mekundu. Sikuwa na haja ya kumpa macho mekundu. Nilimpa kwa sababu nilijua wenzangu watamshuku, nami nilitaka mchezo uchangamke.

Wakamshuku mara moja. "Huyu ndiye!" akasema mmoja, na wote wakacheka. Yule aliyekuwa padre akatumia uganga wa kutambua uovu. Nikawasomea kanuni, kwamba haumwonyeshi binadamu. Hawakuridhika. Mwenye nafsi ya mganga akasema, "Basi nitamvuta moyo mpaka akiri." Nikachota kwa niaba ya ajuza, ikatoka namba 4. Uganga ukamshika.

"Je, wewe ndiwe uliyeua ng'ombe?" wakamwuliza.

Sasa ilinipasa kujibu mimi, kwa kinywa cha mzee anayewaona hawa kuwa rafiki zake. Nikajibu lililonijia: "Wajukuu zangu, mkitaka niseme ndiyo, nitasema ndiyo."

Meza nzima ikanyamaza. Kisha mdogo kuliko sote akauliza, "Saa moja ikiisha, akijua tulimvuta, atatufanya nini?"

Nikasema, "Hatafanya lolote. Ni mzee."

Hapo padre akapendekeza njia nyingine: duara ambamo mtu aliyeshikwa hawezi kusema uongo kwa makusudi, lakini hujua yumo ndani yake, na aweza kunyamaza akipenda. Wakamweleza ajuza, akakubali kuingia. Safari hii hawakumwuliza kama yeye ni mchawi. Walimwuliza, "Wewe ukaaye hapa kisimani, umeona nini?" Ajuza akasema kwamba miezi miwili nyuma kundi geni lililala pale, masikio ya ng'ombe wake yamejaa kupe. Mfugaji yeyote wa kwetu angejua mara moja: ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Kinga yake ilikuwa josho. Shahidi waliyemhitaji alikuwa ni yule yule waliyetaka kumhukumu.

Desturi na sheria zetu

Baada ya siku hiyo nilijiuliza kama sisi wenyewe tuna kanuni za namna hii. Nimeona tunazo.

Kwetu Wabarabaig, ambao ni jamaa ya Wadatoga, lipo baraza la wanawake. Mtaalamu wa Marekani, George Klima, aliandika habari zake mwaka 1964, na tena katika kitabu chake cha mwaka 1970. Mwanamume akiwakosea wanawake katika mambo yaliyo haki yao, wanawake walioolewa hukutana wakazisikiliza habari zake. Akionekana ana hatia hutozwa faini ya ng'ombe. Laana ya akina mama ipo, nayo huogopwa sana, lakini hungoja nyuma ya faini kwa ajili ya mtu anayekataa hukumu. Bibi yangu, aliyepata kuketi katika mabaraza hayo, huniambia kwamba laana ya haki hutamkwa mchana, mbele ya watu, na kila mmoja ajue kosa ni lipi. Linganisheni hayo na mpiga ramli anayemtaja jirani yako usiku, chumbani, kwa fedha, naye aliyetajwa hayupo kujitetea.

Serikali nayo ina kanuni. Sheria ya Uchawi ilitungwa wakati wa Mwingereza, mwaka 1928, na mpaka leo ni Sura ya 18 ya sheria za Tanzania. Watu wengi hudhani yamkataza mchawi tu. Kweli yamkataza mtu kujidai ana nguvu za uchawi, au kuwatisha wenzake kwa nguvu hizo. Lakini pia yamzuia mtu kuwatangaza wenzake ovyo kuwa ni wachawi. Sheria ilitambua kwamba neno lenyewe ni silaha.

Na silaha hiyo imeua. Katika nchi yetu wamekwisha uawa wanawake wazee, hasa upande wa Usukuma, kwa kutajwa tu na wapiga ramli, na mara nyingi alama iliyoshikwa ilikuwa macho mekundu. Tangu kama mwaka 2007 dunia ilisikia pia habari za ndugu zetu wenye ualbino waliouawa na kukatwa viungo kwa tamaa ya utajiri. Januari 2015 Serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli chonganishi. Tangu mwaka huo huo, tarehe 13 Juni huadhimishwa duniani kote kuwa siku ya kuelimishana juu ya ualbino.

Macho mekundu ni nini? Mwulize mwalimu wa biolojia. Moshi wa kuni na samadi kavu, aliopikia mtu miaka arobaini, huwasha macho. Upo pia ugonjwa wa trakoma, ambao wengi huuita vikope. Huletwa na bakteria, ukaenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi. Usipotibiwa, kope hugeuka ndani zikakwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Dawa ipo, na kope zilizogeuka hunyoshwa kwa upasuaji mdogo. Kunawa uso kwa maji safi ni kinga. Katika mambo hayo yote hamna uchawi hata chembe.

Bibi yangu

Sasa nitasema lililo langu. Nilipokuwa na miaka tisa tulikuwa watoto watano twarudi kutoka kuchota maji. Bibi yangu alikuwa akija kwa njia ile ile, macho yake mekundu yanatoka machozi kwa vikope. Mmoja wetu akapiga kelele, "Mchawi!" Wakakimbia. Nami nikakimbia nao. Sikusimama kusema, "Huyu ni bibi yangu." Jioni alinipa maziwa kama siku zote, wala hakuuliza neno.

Likizo iliyopita nilimweleza habari za mchezo na ajuza wa kisimani, kisha nikamweleza na hayo. Akasema, "Macho yangu hayakukuona vizuri siku ile, lakini nilikujua kwa mbio zako." Nililia. Akaningoja nimalize, kisha akauliza:

"Na yule mzee wa mchezo, mlimtaka radhi?"

Nikamjibu, "Hapana, bibi. Ng'ombe walipona, mchezo ukaisha."

"Haujaisha," akasema.

Basi Jumamosi ya kwanza ya muhula huu tulirudi mezani, tukaanzia pale pale kisimani. Yule mganga akamwendea ajuza, akamwambia alilomtendea kabla hajalitambua kwa njia nyingine, akamwomba radhi. Nami nilijibu kwa kinywa cha ajuza, kwamba amesamehe, lakini mlango wa nyumba yake u wazi kwa wageni wanaobisha hodi tu.

Tangu siku hiyo tumeandika kanuni ya sita katika daftari letu, nayo haimo katika kitabu cha Marekani: "Mchezaji asimtaje mtu kuwa mchawi. Ataje alichokiona kwa macho yake, na mwenye kutajwa asikilizwe kwanza."

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tutarudi vijijini mwisho wa mwaka, baada ya mtihani. Huko hatutakuwa na kopo la namba, wala msimamizi wa kutusomea kanuni. Ikitokea ng'ombe wamekufa au mtoto ameugua, na watu wakaanza kumtazama mzee fulani, kanuni ile itakuwa mikononi mwetu. Ulizeni kuna kupe, kuna josho, kuna zahanati. Na ikiwa watoto wanakimbia njiani, wewe simama.

Kwa mzazi yule aliyeuliza nasema: asante kwa kuuliza wazi, mchana, mbele ya mwalimu. Ndivyo ilivyo desturi nzuri. Twakukaribisha Jumamosi yoyote bwaloni uketi nasi, na kipande cha karatasi utachota mwenyewe.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne