Ndimu Hukimbia, Tini Hubaki

Kurasa za somo katika jarida letu kwa kawaida huwa za ngeli, methali na fasihi simulizi. Safari hii nimeomba ruhusa nilete somo la pua. Nataka tuchunguze aina moja tu ya manukato, yale ya msimu wa joto yanayochanganya harufu ya matunda jamii ya machungwa na harufu ya mtini. Nimeyachagua kwa kuwa yanaonyesha kemia ya darasani ikifanya kazi juu ya ngozi ya mtu. Tena mna hatari fulani ndani ya habari hii, na hatari hiyo tunaichezea kila siku bwenini. Nitaifikia.

Kabla hatujafungua chupa, tukubaliane kuhusu maneno. Kunuka si kunukia. Soksi hunuka, asumini hunukia. Ukimwambia dada wa watu kwamba "ananuka vizuri" usishangae akikununia. Samaki ana shombo, kitu kilichooza kina uvundo, na harufu nzuri washairi huiita riha. Matunda nayo yana majina yake, ambayo sisi wa bara huyavuruga sana. Ndimu ni lile dogo la mviringo, la kijani, lenye ganda jembamba. Limau ni kubwa zaidi, la manjano, na lina chuchu. Danzi ni lile chungwa kali lenye uchungu ambalo halimenywi likaliwa hivi hivi. Chenza humenyeka kwa vidole tu. Tini ni tunda la mtini, mti uliozoeleka katika nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, na neno lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu. Mkuyu wetu wa kando ya mito ni ndugu yake wa damu.

Haya, tuingie kwenye chupa. Manukato mepesi ya machungwa yana historia ndefu. Mwaka wa 1709 familia ya Farina, watu wa asili ya Italia, walianzisha biashara katika mji wa Köln, Ujerumani. Ndugu mmoja wao, Johann Maria Farina, alitengeneza maji yenye harufu ya matunda hayo yaliyoyeyushwa katika alkoholi, akayapa jina la mji uliompokea. Wafaransa wakayaita Eau de Cologne, yaani maji ya Köln. Kiungo chake maarufu ni bergamoti, tunda lililotokana na limau na danzi kuchanganya uzazi. Hulimwa kwa wingi Calabria, kule kwenye ncha ya kusini ya Italia. Halikuzwi kwa ajili ya kuliwa. Ganda lake ndilo mali, na mafuta yake hukamuliwa bila kupashwa moto.

Danzi nalo si la kudharauliwa. Mti mmoja hutoa mafuta ya aina tatu: ya ganda la tunda, ya maua na ya majani, na kila moja lina harufu yake. Sijui mti mwingine mkarimu kiasi hicho!

Mafuta haya unaweza kuyaona kwa macho. Chukua ganda la chungwa, likunje karibu na mwali wa mshumaa (mwalimu awepo, tafadhali). Utaona cheche zikirukaruka. Huo ni ule umande mdogo wa mafuta unaoruka kutoka kwenye ganda na kushika moto. Sehemu kubwa ya mafuta ya chungwa, zaidi ya asilimia 90, ni kitu kimoja kiitwacho limonini, fomula yake C10H16. Ni molekuli ndogo, nyepesi, yenye haraka ya kuondoka. Na hapo ndipo penye kasoro.

Harufu hainusiwi mpaka molekuli ziruke hewani na kuingia puani. Kwa hiyo manukato yanayosikika upesi ni yale yale yanayoisha upesi. Joto nalo huchochea mambo. Ukipiga hesabu ya mvuke wa limonini, utakuta kwamba kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 30 za selisiasi kasi ya kuruka hukaribia kuwa maradufu. Maana yake ni kwamba chupa ile ile anayojipulizia mtu asubuhi ya baridi Limuru itamtoroka haraka zaidi akishuka Mombasa. Ndimu humfaa mtu wa joto kwa sababu inaburudisha, lakini joto hilo hilo ndilo linaloifukuza. Watengenezaji wa manukato walihitaji kitu cha kuishikilia, tena kisiwe kizito kama udi au miski, maana mchana wa jua kali harufu nzito humchosha hata anayeivaa.

Mtini ndio ukawa jibu. Mwaka wa 1994 kampuni ya Kifaransa ya L'Artisan Parfumeur ilitoa manukato yaitwayo Premier Figuier, yaliyobuniwa na mama mmoja aitwaye Olivia Giacobetti. Mwaka wa 1996 mama huyo huyo aliibunia kampuni ya Diptyque manukato ya Philosykos. Jina hilo ni la Kigiriki, maana yake rafiki wa tini. (Wanabiolojia watatambua kwamba sehemu hiyo ya "syko" ndiyo iliyomo katika jina la kisayansi la mkuyu, Ficus sycomorus.) Mwaka wa 2003 Jean-Claude Ellena akatengeneza Un Jardin en Méditerranée kwa kampuni ya Hermès, akiwa amevutiwa na bustani moja ya Tunisia. Humo majani ya mtini na bergamoti vimekaa pamoja kabisa.

Sasa mtaniuliza, mafuta ya tini hukamuliwaje? Hayakamuliwi! Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika chupa hizi harufu ya tini hujengwa kwa kuunganisha vipande, kama fundi anavyojenga ukuta. Ubichi wa jani lililovunjwa huweza kutoka kwenye kemikali iitwayo stemoni. Ule utamu wa maziwa ya mtini hutoka kwa laktoni, jamii ya kemikali ambayo mojawapo, gama-nonalaktoni, inanukia nazi. Kisha huongezwa harufu ya mbao kama mwerezi iwe shina. Pua ikikutana na vipande hivyo kwa pamoja inasema, "Kumbe niko chini ya mtini." Laktoni na mbao ni molekuli zisizo na haraka, kwa hiyo ndimu ikishakimbia, kivuli cha mti hubaki kwenye ngozi.

Nilijaribu jambo linalofanana na hilo kwa vitu vya jikoni. Karatasi moja niliikamulia ganda la chungwa, ya pili niliipaka mafuta ya nazi yaliyotengenezwa nyumbani, ambayo yana laktoni zake. Nilizinusa kila baada ya nusu saa. Ya chungwa iliponikaribisha kwa kishindo mwanzoni, ya nazi ilikuwa kimya. Jioni ya chungwa ilikuwa karatasi tupu, na ya nazi ilikuwa ingali inanukia.

Lakini mbona wasitumie tu majani halisi ya mtini? Hapa ndipo penye ile hatari. Utomvu wa mtini una kemikali ziitwazo furokumarini. Zikiwa kwenye ngozi na jua likazipiga, ngozi huungua: hutokea wekundu na malengelenge siku moja au mbili baadaye, kisha madoa meusi yanayoweza kukaa wiki nyingi au hata miezi. Shirika la kimataifa la manukato, IFRA, limepiga marufuku dondoo la majani ya mtini katika manukato. Bergamoti ina kemikali za namna hiyo pia. Kwa hiyo mafuta yake ya kukamuliwa yamewekewa kiwango, asilimia 0.4 katika vitu vinavyobaki kwenye ngozi, au husafishwa kwanza kuondoa furokumarini.

Basi, wenzangu, na ndimu je? Ndimu nayo inazo, hasa kwenye ganda. Huku mabwenini ndimu ni dawa ya kila kitu: kikwapa, chunusi, madoa ya uso. Mtu anajisugua kipande chenye ganda usoni saa moja asubuhi, saa nne yuko uwanjani kwenye jua kali, halafu keshokutwa anashangaa doa limetoka wapi, na ili kuliondoa anaongeza ndimu! Daktari wa ngozi angeweza kumwambia chanzo mara moja. Kikwapa hufichwa na shati, afadhali kidogo. Uso, shingo na mikono havifichwi na chochote.

Anayeshindwa kabisa kuiacha ndimu aitumie usiku, kisha aioshe kwa maji na sabuni kabla ya jua kuchomoza, mikono ikiwamo. Wanaokamua ndimu za juisi siku za michezo nao wanawe kabla ya kutoka nje. Na mwenye manukato yake ya machungwa, yawe ya bei gani, ayapulizie kwenye nguo. Pambani yatakaa zaidi, na jua halitakuwa na ngozi ya kugombana nayo.